Shimo la Mwalimu Chujio

Watu wanaposema mganga hajigangi, aghalabu husema kwa kumcheka mganga. Humwona anakohoa, wakakonyezana, wakadhani dawa zake ni za uongo. Wanakosea. Methali haisemi kwamba dawa haifai. Inasema kwamba mkono unaowafikia wote hushindwa kumfikia mwenyewe, na hapo ndipo mtu mwenye maarifa yote hukaa na ugonjwa wake mpaka aje mwingine amtibu, pengine kwa dawa ile ile aliyoitengeneza yeye. Mtu wa namna hiyo alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye wanafunzi wake walimwita Chujio.

Jina hilo hakulipenda mwanzoni, lakini alilistahili. Popote alipoona maji machafu yanatiririka ovyo, vidole vilimwasha kuchimba shimo la kuyachuja: kokoto chini, kisha mchanga, kisha mkaa uliopondwa, kisha mchanga tena. Alikuwa amechimba moja nyuma ya jiko la shule, jingine kwenye mabomba ya kunawia, na jingine nyumbani kwa mkuu wa shule, mama mmoja mkali ambaye hakuombwa ruhusa, naye alilikuta shimo siku aliporudi safari. Somo lake lilikuwa jiografia. Hata hivyo, lililomtia hamu ya kuamka asubuhi ni klabu ya mazingira ya kidato cha pili.

Kuwafundisha vijana wa umri ule mambo ya mazingira si kazi ya lelemama. Ukiwaambia maji ni uhai, wanaandika maji ni uhai, wanapata alama zao, kisha wanatupa ganda la peremende dirishani. Chujio alilijua hilo, kwa hiyo hakuwahubiria. Siku ya kwanza aliingia darasani na kapu la taka la chumba cha walimu, akalimwaga lote juu ya meza, akachagua kifuniko cha kalamu na kukiinua.

"Huyu ni mtoto aliyepotea," alisema. "Mama yake nani?"

Darasa liliangua kicheko. Lakini kabla kipindi hakijaisha, walikuwa wamemfuata mtoto yule chumba hadi chumba mpaka kwenye droo ya mwalimu wa hesabu, ambaye alitafuna vifuniko vyake bila kujijua. Tangu hapo mchezo ukawa desturi ya klabu. Kila mwaka darasa lilichagua uchafu mmoja, likaufuata nyuma hadi mlangoni kwa aliyeuzaa. Mwalimu aliweka masharti yake, na wanafunzi waliyajua kama sala: kila uchafu una mama yake, ukimpata mama, piga hodi kwanza na usalimie, tena usiende na kidole, nenda na jembe.

Mwaka huo kitalu cha shule kilianza kufa. Miche ilichomoza vizuri, ikajipanga kama watoto kwenye gwaride, kisha majani yakaungua pembeni na ikalala. Wanafunzi waliimwagilia maji ya mfereji uliopita nyuma ya ukuta wa shule, maana maji ya bomba yalikuja yalipotaka. Nayo maji ya mfereji siku hizo yalikuwa na rangi isiyo na jina, na ukiyashika yaliteleza vidoleni.

"Mwalimu, safari hii tumfuate mama wa maji haya," alisema msichana wa dawati la mbele.

Wenzake walimwita Kwanini, kwa sababu hakuna sentensi ya mwalimu aliyowahi kuiacha ipite bila kuiuliza inatoka wapi. Walimu wengine walikuwa wakimwambia akae chini. Chujio peke yake ndiye aliyekuwa akivuta kiti na kumjibu, na msichana alimpenda kwa hilo jinsi mtoto anavyompenda mjomba anayemchukulia kuwa mtu mzima.

Darasa lote liliunga mkono. Mwalimu alikuwa ameshika chaki. Aliitazama chaki, akatazama dirisha, akairudia chaki.

"Chupa za plastiki je?" alisema. "Uwanja wote umejaa chupa."

"Chupa tulizimaliza, mwalimu. Duka la mkabala na lango linazikusanya siku hizi."

"Basi mifuko."

"Mwalimu, miche inakufa," alisema Kwanini.

Mwalimu aliweka chaki chini. Alikubali, akageuka na kuanza kufuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Ukweli ni kwamba mwalimu alimjua mama wa maji yale, na alimjua vizuri sana, kwa kuwa asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekunywa chai aliyotiliwa naye. Alikuwa mkewe.

Mkewe alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi. Duka lake lilikuwa barabara kubwa, na watu walimjua kwa duka hilo. Wachache tu walijua kwamba kazi yenyewe ilifanyika uani kwao, nyuma ya ukuta mrefu, na kwamba upande wa pili wa ukuta huo ulipita mfereji. Huko uani kulikuwa na makarai, pipa la kuchemshia, kamba za kuanikia na harufu ya magadi makali inayopanda hadi utosini. Bila magadi hayo kitambaa hakishiki rangi sawasawa. Kikishashika, maji yaliyobaki hayana kazi tena, na hapo kwao yalimwagwa kwenye tundu lililokuwa chini ya ukuta. Tena Jumamosi, mke akiwa amechoka mgongo, aliyebeba ndoo na kuyamwaga alikuwa Chujio mwenyewe.

Mtu atauliza kwa nini hakumwambia mkewe, yeye aliyewaambia watu wote. Walipooana, ndugu zake walinong'ona kwamba mwanamke mwenye kucha za bluu hafai kuwa mke wa mwalimu. Minong'ono ilimfikia bibi harusi, akalia, naye mwalimu akamwapia kwamba kazi ya mikono yake hataigusa kwa neno maisha yake yote. Kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba yao. Zaidi ya hilo, mke aliipenda: kila alipokivua kitambaa majini na kukikunjua alicheka peke yake kama aliyesimuliwa kichekesho. Mara nyingi mwalimu alisimama mlangoni neno likiwa kooni. Mara zote mke aligeuka, akainua kitambaa na kusema, "Hebu tazama hii," na neno likateremka lilikotoka.

Hata shimo alikuwa ameshalianza, pembeni mwa ua. Alilichimba hadi magotini, akaacha. Siku nyingine aliliongeza kidogo, akaacha tena. Majani makavu yalilijaa, na watoto wao wawili wadogo walificha humo viatu vya wageni. Mke alipomuuliza shimo ni la nini, mwalimu alijibu kwamba anataka kupanda mgomba.

Siku ya klabu ilipofika, darasa lilitoka kuufuata mfereji. Wanafunzi walibeba vikaratasi vyekundu vya maabara, vile vinavyogeuka bluu vikichovywa kwenye maji yenye magadi au sabuni kali. Chujio alitangulia mbele, akarudi nyuma, akatangulia tena, akavuka upande huu na upande ule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wanafunzi walidhani ni bidii.

Walipofika kwenye banda la kuoshea magari walisimama. Mwenye banda alikuwa mtu mcheshi, mikono imekunjamana kwa maji, povu hadi masikioni, na watu walimwita Povu. Maji yake yaliteremka mferejini mchana kweupe, na sabuni ikielea juu. Kwanini alichovya kikaratasi mahali hapo, kikageuka bluu. Alikuwa anainua mguu apande juu zaidi, achovye na huko, mwalimu alipomzuia.

"Tumefika," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Sabuni hiyo. Mnaiona wenyewe."

Moyoni alijiambia kwamba hajasema uongo, kwani sabuni ilikuwapo kweli. Funika kombe mwanaharamu apite. Wanafunzi walipiga hodi kwenye nguzo ya banda na kumwamkia mwenyewe.

"Marahaba wanangu," alisema Povu. "Gari liko wapi? Au mnataka kuoshwa nyinyi?"

Walimweleza. Alijikuna kichwa, akasema sabuni yake ni ile ile ya kufulia shati, lakini kama shimo lina faida, yeye hana ubishi na mtu anayemchimbia bure. Siku ile walichimba, wakamwaga kokoto, mchanga na mkaa, na Povu naye akachimba pamoja nao huku akiimba. Kesho yake maji ya banda lake yaliingia shimoni badala ya mferejini. Lau mambo yangeishia hapo, pengine hadithi hii isingekuwapo.

Lakini mkuu wa shule alikuwa na siku ya wazazi mbele yake, na alitaka kung'ara. Alimwita bwana afya wa mtaa, akamwambia kwamba wanafunzi wake wamemnasa mchafuzi wa mfereji. Bwana afya alikuwa mtu wa sheria na kopo la rangi. Alikuja bandani, akapiga alama kubwa nyekundu kwenye bati na kumwamuru Povu afunge kazi hadi maji ya mfereji yatakapopimwa shuleni na kuonekana safi.

Na maji yangesafika vipi? Kila aliyekuwa na macho aliona shimo la Povu linafanya kazi, na kila aliyekuwa na pua alisikia mfereji bado unanuka magadi. Mtu mmoja tu mjini alijua kwamba Povu anasubiri kitu ambacho hakitakuja. Mtu huyo alipita mbele ya banda kila asubuhi akienda kazini.

"Mwalimu," Povu alimwita kutoka kwenye ndoo aliyoifudikiza na kuikalia, "maji yanasemaje leo?"

"Bado kidogo," alijibu mwalimu bila kusimama.

Baada ya hapo akaanza kuzungukia sokoni, njia ndefu yenye matope, ili asipite pale. Akawa mtu asiyekalika. Ofisini alikaa, akasimama, akafungua dirisha, akalifunga. Alifundisha mmomonyoko wa udongo, na kipindi kilichofuata akafundisha mmomonyoko wa udongo tena, mpaka kijana mmoja wa nyuma akauliza kama udongo bado haujaisha. Nyumbani kazi ilikuwa imezidi, maana kwaya nzima ilikuwa imeagiza sare, na kamba zote uani zilijaa vitambaa vya bluu. Alikula bila kujua anakula nini. Mkewe alimtazama, akadhani ni mitihani.

Kitalu kipya kilipandwa, nacho kikaungua. Siku iliyofuata Kwanini alikuja chumba cha walimu, akasimama mbele ya meza yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, juu ya banda la Povu hatukupima. Kwa nini?"

"Kwa sababu tulishapata jibu."

"Lakini kama lile ndilo jibu, mbona miche inaendelea kufa? Na mbona Povu hana gari hata moja, lakini maji bado yanateleza? Baba yangu alikuwa mteja wake. Anasema siku hizi Povu anauza vyombo vyake. Juzi kauza mpira wa maji."

Mwalimu alihisi masikio yake yamepata moto. Walimu wengine walikuwa wameinua vichwa. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kufundisha.

"Kila siku kwa nini, kwa nini," alisema kwa ukali. "Hujui kunyamaza? Mjadala umefungwa. Rudi darasani ukae chini."

Msichana hakulia wala hakubisha. Alimtazama tu, kama mtu aliyegonga mlango anaoujua akafunguliwa na mgeni, kisha akaondoka. Wiki nzima hakunyoosha mkono. Darasa lilikuwa kimya, na kimya hicho kilimchoma mwalimu kuliko kelele zote alizowahi kuzituliza. Alijua amekata kitu ambacho hakioti upesi.

Jioni moja aliamua, liwalo na liwe, atamwambia mkewe. Alichukua jembe, akaingia shimoni ili mazungumzo yaanzie hapo.

"Leo mgomba umekuita?" aliuliza mke. Mikono yake ilikuwa kwenye karai hadi viwikoni, na ngozi ya vidole ilikuwa imechanika kwa magadi.

"Nilitaka kukuambia jambo."

"Haya niambie, nakusikiliza."

Aliitazama ile mikono, akavitazama vitambaa kwenye kamba, akayakumbuka machozi ya bibi harusi. Akajikaza kisabuni.

"Unafanya kazi sana," alisema.

Mke akacheka. "Kumbe umeona. Basi nibebee hiyo ndoo."

Naye akaibeba, akaenda kuimwaga chini ya ukuta. Maji yalipokuwa yakiishia tunduni alisikia yanavyoporomoka upande wa pili, na alijichukia.

Kwanini, kwa upande wake, hakuwa amenyamaza kama walivyodhani. Alikuwa ameambiwa afunge mdomo; miguu hakuambiwa chochote. Alipata vikaratasi, akapanda mfereji juu ya banda la Povu. Kwenye kila kalavati alichovya na kila mahali kikageuka bluu, mpaka alipofika kwenye ukuta mmoja mrefu wenye tundu chini na mlango mdogo wa mbao ubavuni. Hapo kikaratasi kiliiva bluu kama wino. Juu ya tundu hilo maji yalikuwa maji tu. Hakujua ni nyumba ya nani, kwa sababu aliifikia kwa nyuma, na nyumba kwa nyuma zote hufanana. Aliwaambia wenzake. Walibishana kama inafaa kwenda bila mwalimu, wakaona masharti yanajulikana, na mwalimu siku hizi hana raha. Jumamosi walichukua majembe.

Hodi ilipopigwa kwenye mlango wa nyuma, mke wa mwalimu ndiye aliyefungua. Mbele yake walisimama vijana waliovaa sare, majembe mabegani, na msichana mmoja mbele ameshika kopo lenye mche uliokauka.

"Shikamoo mama," walisalimu kwa pamoja.

"Marahaba wanangu, karibuni."

Waliingia. Katikati ya ua, suruali imekunjwa, mikono bluu hadi viwikoni na ndoo mkononi, alikuwa mwalimu wao.

Jembe moja lilianguka chini. Mtu wa nyuma, kwa mazoea tu, akasema, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," alijibu. Ndoo ilikuwa inamdondokea viatuni wala hakuiona.

"Aa, ni wanafunzi wako," alisema mke kwa furaha. "Na majembe juu. Mmekuja kumpandia mwalimu mgomba wake?"

Kwanini alimtazama Chujio, kwa muda ambao kwake mwalimu ulikuwa kama mwaka. Angeweza kumnyooshea kidole, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angemlaumu. Badala yake aliliweka jembe chini, akamgeukia mke.

"Hapana, mama. Tumekuja kwa ajili ya maji," alisema. "Vitambaa vyako ni vizuri. Vikitoka hapa vinakwenda wapi?"

"Dukani, kisha kwa watu."

"Na maji yake?"

Mke alionyesha tundu. "Yanakwenda zake."

"Hayaendi zake, mama. Yanakuja kwetu." Akamwekea ule mche mkononi.

Kisha akamweleza, taratibu, bila kumhubiria. Alieleza kuhusu kitalu, vikaratasi vya maabara, na Povu aliyekaa juu ya ndoo akisubiri maji yasafike. Alieleza kwa kuuliza, akasubiri jibu, akatikisa kichwa, akauliza tena, na hata alipokohoa kabla ya neno gumu, kilikuwa kikohozi cha Chujio. Mwalimu alisimama akisikiliza somo lake mwenyewe likifundishwa vizuri kuliko alivyowahi kulifundisha, uani kwake, kwa mtu pekee ambaye hakuwahi kumfundisha.

Mke alikausha mikono kwenye kanga yake polepole.

"Haya yote mmejifunza wapi?"

Wanafunzi walitazama chini.

"Kwa mwalimu," alisema Kwanini, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ikakatika.

Mke aligeuka. Kwa kawaida alimwita mumewe Mwalimu, kwa utani. Safari hii hakumwita hivyo.

"Baba watoto, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Watoto wa watu umewaambia," alisema mke, wala hakupaza sauti. "Mwenye duka umemwambia. Mkuu wa shule umemchimbia shimo bila kumuuliza. Mimi ninayelala ubavuni mwako ukaniambia mgomba."

"Niliapa sitaigusa kazi yako kwa neno. Ndugu zangu walikuwa wamekudharau. Sikutaka na mimi niwe mmoja wao."

"Wao walisema sina hadhi. Wewe umeniona sina akili ya kusikia. Kati yenu nani amenidharau zaidi?"

Mwalimu aliweka ndoo chini. Machozi yalimtoka mbele ya kidato cha pili, na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na magadi.

Mke alimwacha hapo, akamgeukia Kwanini. "Mwanangu, hilo jembe lina kazi au mmelileta kutembea?"

Kazi ikaanza. Waliondoa majani makavu na kiatu kimoja cha mgeni aliyeondoka peku zamani. Mwalimu alisogea, akashika jembe.

"Mwalimu, kaa tu," alisema Kwanini. Hakusema kwa kisasi. Alisema kama nesi anavyomwambia mgonjwa arudi kitandani. "Hili limekushinda siku nyingi. Tuachie sisi."

Mwalimu akafudikiza ndoo, akaikalia. Alipokaa tu akamkumbuka Povu, akataka kusimama, lakini hapakuwa na pa kwenda. Shimo lake la siku zote lilizama mbele ya macho yake, likapita magoti, likapita kiuno. Kokoto zikaingia, mchanga ukafuata, mkaa ukapondwa. Mke alipouliza kama shimo pekee litatosha kwa magadi, Kwanini alisita na, kwa mazoea ya zamani, akamtazama mwalimu.

"Siki kwanza," alisema mwalimu kutoka kwenye ndoo. "Kwenye pipa, kidogo kidogo, mpaka kikaratasi chekundu kibaki chekundu. Ndipo yamwagwe shimoni."

"Umemsikia," mke aliwaambia wanafunzi. "Dawa anaijua."

Kabla jua halijatua mwalimu alikwenda bandani, mkewe kando yake, wanafunzi nyuma. Povu alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, nimekaa hapa nasubiri maji yapone," alisema. "Kumbe mgonjwa ni wewe, na dawa nimenyweshwa mimi."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nitakusamehe gari la kwanza likiingia. Leo sina nafasi."

Jumatatu mwalimu alikwenda kwa bwana afya kwa miguu yake mwenyewe na kusema yote. Bwana afya alikuja na kopo lake, akafuta alama kwenye bati la Povu, akaipiga upya, nyekundu ile ile, kwenye ukuta wa mwalimu. Mke hakuruhusu ifutwe wala ifunikwe. Alisema itakaa mpaka wanafunzi wapime na kuridhika, na mpaka siku hiyo hakutia rangi hata kitambaa kimoja. Kwaya ilisubiri sare zake. Kuhusu mumewe, alimwekea chakula, alimwekea maji ya kuoga, lakini vitambaa hakumwonyesha. Povu alipata gari lake la kwanza siku chache baadaye, nalo lilikuwa la baba yake Kwanini. Mpira wa maji alinunuliwa na mwalimu.

Siku ya wazazi ilipofika, maji ya mfereji yalipimwa mbele ya watu wote, na kikaratasi chekundu kikatoka chekundu. Watu walipiga makofi. Mkuu wa shule alikuwa ameandaa hotuba kuhusu mafanikio, lakini Chujio aliomba kusema kabla yake. Alisimama mbele ya wazazi, Povu akiwa mstari wa nyuma na mkewe mstari wa mbele, akaeleza uchafu wa mfereji ulikuwa umetoka kwa nani, nani alikuwa akibeba ndoo, na nani aliadhibiwa mahali pake. Hakupamba wala hakukwepa. Alipomaliza, hakurudi kitini.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza, kama alivyozoea kuuliza darasani.

Kisha mkono mmoja, ambao ulikuwa haujanyooka tangu siku ile ya chumba cha walimu, ulinyooka.

"Mwalimu," alisema Kwanini, "ulijua ugonjwa, ulijua na dawa, na jembe lilikuwa lako. Kwa nini?"

Mwalimu alitaka kuzungumzia kiapo, na ndugu zake, na mitihani. Alimtazama mkewe. Mke alikuwa amevaa kitambaa kipya alichokitia rangi jana yake, baada ya wanafunzi kupima na kuridhika, na mumewe alikuwa hajaonyeshwa. Sasa, bila kusema neno, aliinua pindo lake kidogo ili akione. Machozi yalimlenga mwalimu, lakini sauti ilimtoka imara.

"Kwa sababu nilidhani nitajitibu mwenyewe, mwanangu," alijibu. "Nilikuwa nawasubiri nyinyi bila kujua. Mganga hajigangi."